Masisi na Walikale: mfanyakazi wa siku naye ana haki, hata bila karatasi

Katika teritwari za Masisi na Walikale, watu wengi wanapata kazi asubuhi na kulipwa jioni. Kupakua lori, kusafisha barabara, kuvuna shambani kwa tajiri, kusaidia mashirika siku ya kugawa chakula. Jina liko kwenye liste, pesa inatoka, basi. Ukiwauliza kuhusu konje, matunzo ya hospitali au pensheni, wengi wanajibu kwamba hayo ni ya wenye mkataba.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, haisemi hivyo.

Kifungu cha 40 kinahusu kazi ya siku kwa siku. Kama mtu ameshafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha mwajiri akamuita tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kazi hiyo mpya inahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho. Siku hizo si lazima zifuatane. Wiki hii tatu, wiki ijayo nne, zote zinajumlishwa. Ndiyo maana bosi mjanja anaweza kukata jina lako kwenye liste siku ya 21 na kuweka la jirani yako. Hapo sheria inakuwa na tundu, na asiyehesabu siku zake hataliona.

Kukosa karatasi pia si kukosa mkataba. Kama hakuna maandishi, sheria inachukulia kwamba mkataba ni wa muda usio na mwisho, mpaka mwajiri aonyeshe kinyume. Mfanyakazi anaweza kuleta ushahidi wa kila aina: liste ya malipo, ujumbe wa simu, wenzake waliokuwa naye kazini.

Mwenye mkataba anapata nini? Kazi isipite saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma, na mapumziko ya mfululizo kila juma. Konje ni angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliofanya. Mke akizaa, baba anapewa siku 2. Akifiwa na mke, mtoto au mzazi, siku 4. Mama mja mzito ana juma 14, na akirudi kazini akiwa ananyonyesha, anapumzika nusu saa mara mbili kwa siku. Matunzo ya ugonjwa, yake na ya jamaa yake, ni juu ya mwajiri. Kwa CNSS, mshahara unakatwa 5% na mwajiri anaongeza 13% yake. Ukikatwa, uliza kama jina lako limeandikishwa kweli.

Wachimbaji wa Rubaya wako upande mwingine. Wanaingia shimoni kupitia kooperative na kulipwa kwa kilichopatikana, kwa hiyo wanafuata zaidi sheria ya madini. Wengi wao hawana konje wala pensheni, ingawa kazi yao ndiyo inaua zaidi.

Hata mwenye mkataba mzuri anatikiswa na vita. Mwezi Machi 2025, wapiganaji wa M23 walipokaribia Walikale-centre, mgodi wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi, ukaanza tena polepole mwezi Aprili. Sheria inahesabu tukio kama hilo kuwa kusimamishwa kwa mkataba. Mkataba haujavunjika, na kazi ikirudi, mtu anarudi nafasini pake.

Ugomvi wa kazi unapelekwa kwanza kwa inspekta wa kazi, ambaye anajaribu kupatanisha kabla ya tribinali. Kwa mtu wa Walikale, barabara ya kwenda Goma inapita Masisi, na si kila siku inapitika. Lakini dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja. Daftari dogo lenye tarehe, mahali, jina la aliyekuita na pesa uliyopokea, liandikwe jioni ileile.