Mafundo Katika Ubongo wa Wazee Wetu

Tulipopanda Meru mwezi wa Shaaban kumjulia hali shangazi yetu, tulimkuta ameketi barazani na leso zake mbili, akiuliza kama mumewe amerejea kutoka soko la Gakoromone. Mumewe alifariki miaka 11 iliyopita. Bintiye, aliyekuja kutoka Embu kumuuguza, alimjibu kwa upole kwamba baba yu njiani. Hatukumhesabu kuwa mwongo. Amechoka kumpa mamake msiba mpya kila jioni.

Majirani wana neno jingine. Shangazi hutoka usiku akagonga milango ya watu, na bibi kizee atembeaye usiku hasemwi vyema. Si porojo za kupuuzwa: Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza aliyoyaona kwa darubini katika ubongo wa Auguste Deter, mgonjwa aliyepotewa na kumbukumbu: mabonge baina ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mabonge hayo ni protini iitwayo amiloidi beta. Nyuzi ni protini ya tau. Zote mbili ni za kawaida mwilini, ila zikijikunja vibaya hugandana. Wataalamu wengi hudhani vijifungu vidogo, kabla havijawa mabonge, ndivyo vyenye sumu kali zaidi. Hayo huanza kimya, pengine miaka 20 kabla mama hajasahau jina la mwanawe.

Wako wasemao haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1996 watafiti, wakiwamo wa Nairobi na Dar es Salaam, waliandika kwamba walikuta amiloidi hiyo hiyo katika bongo za baadhi ya wazee wa Afrika Mashariki waliofariki na akili zao timamu. Basi kuwa nayo peke yake hakutoshi kumpoteza mtu. Shinikizo la damu, kisukari na uziwi usiotibiwa huongeza hatari. Na si kila usahaulifu ni huo: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo au maambukizi huweza kufanana nao, na hayo hutibika. Mzee apelekwe hospitali kwanza.

Shangazi akisali rakaa sita badala ya nne, hakuna amkemeaye. Bintiye ametundika kengele mlangoni, kisha amezunguka mtaani kuwaeleza akina mama, nyumba baada ya nyumba. Imebaki moja, ya upande wa kisimani.