Ukiomba usijibiwe, utarudi kuomba?

Pita Jeevanjee Gardens, Nairobi, saa saba mchana siku ya kazi. Mhubiri ana kipaza sauti kinachokwaruza, na mbele yake vijana wamefumba macho, wengine wamekumbatia bahasha za kaki zenye vyeti. Huhitaji kuuliza wanaombea nini.

Nami nimewahi kusimama hapo. Nilikuwa nimehojiwa mahali fulani, nikafunga siku tatu, nikaenda kesha Ijumaa, nikamtajia Mungu hadi kiasi cha mshahara. Kazi akapewa mwingine. Nilikasirika, nikaacha kuomba karibu miezi minne. Kwangu maombi yalikuwa kama M-Pesa: ukishatuma, unangoja ujumbe uingie. Usipoingia, unapiga simu kulalamika. (Ndiyo maana wale wa "panda mbegu", wenye nambari ya paybill kwenye skrini, hutupata kirahisi.)

Aliyenirudisha ni shosho. Huyo huamka saa kumi alfajiri, kila siku, tangu nimjue. Nikamuuliza, "Shosho, miaka yote hii unaomba nini?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, siku nyingi siombi kitu. Namsalimia tu."

Jibu hilo lilinisumbua, nikafungua Biblia upya. Kule Gethsemane Yesu aliomba jambo lile lile mara tatu, jasho likimtoka, na kikombe hakikuondolewa. Paulo naye alisihi mara tatu atolewe mwiba mwilini, haukutoka. Hawa si watu waliokosa imani, jamani. Halafu kuna Danieli: mara tatu kwa siku, madirisha wazi kuelekea Yerusalemu. Amri ya mfalme ilipopiga marufuku maombi, hakubadilisha ratiba. Alijua kuna simba, na kweli alitupwa kwao.

Hata sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, ile tuliyokariri tukiwa watoto, mkate unaombwa katika ombi la nne. Kabla yake kuna jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake. Mimi nilikuwa naruka moja kwa moja hadi la nne, tena nikitaka na siagi juu.

Sisemi kuombea riziki ni kosa. Yule mjane wa kwenye mfano wa Yesu alimsumbua hakimu hadi akapewa haki yake, na mwenye kodi ya nyumba shingoni hawezi kujifanya hana shida. Lakini kama naongea na mtu pale tu ninapotaka pesa, huyo si rafiki yangu. Ni ATM.

Kazi ya kudumu bado sijapata, na bado naiombea. Ila asubuhi, kabla sijawasha data, namsalimia kwanza. Jana nilisahau, nikamsalimia nikiwa kwenye matatu Thika Road, foleni haisongi, makanga akidhani naongea kwa simu.