UZI: Mgombea akikuahidi "kituo cha seli shina", muulize nini?

1/ Kila msimu wa siasa, hoja ya afya huja na neno jipya. Ukisikia "tiba ya kuotesha viungo upya", maana yake ni hii: goti lililolika, mfupa uliogoma kuunga, msuli uliochanika, vyote vidungwe sindano vijitengeneze. Mmoja atasema serikali ilipie kila mtu. Mwingine atasema ni ulaghai mtupu. Wote wawili wanachanganya mambo. Tuyatenganishe.

2/ Kwanza, sio tiba moja. Kuna PRP: unatolewa damu yako mwenyewe, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine, halafu ile sehemu yenye wingi wa chembe za kugandisha damu inadungwa palipoumia. Chembe hizo hubeba protini zinazochochea kidonda kupona.

3/ Kuna seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Hutolewa kwenye uboho wa mifupa, kwenye mafuta ya mwili, au kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Hizi ndizo zinazotangazwa kwa bei ya kukutoa jasho.

4/ Na kuna kukuza gegedu, ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa. Seli za gegedu lako zinatolewa, zinakuzwa maabara, zinarudishwa gotini. Madaktari wa Sweden walichapisha matokeo yao mwaka 1994, na Marekani ikaidhinisha aina moja mwaka 2016. Lakini hiyo ni ya kuziba sehemu iliyoharibika, sio goti zima lililolika kwa uzee.

5/ Tena kuna ya zamani kabisa: daktari wa mifupa anachukua mfupa kidogo kwenye nyonga yako na kuupandikiza pale palipogoma kuunga. Imetumika miaka mingi na inafanya kazi. Kwa hivyo anayesema yote ni uongo, amekosea.

6/ Sasa, ushahidi. Australia waliwafuata watu 288 wenye magoti yaliyoanza kulika. Nusu walidungwa PRP, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua amedungwa gani. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana, si kwa maumivu, si kwa gegedu. Matokeo yalitoka 2021.

7/ Marekani nako, utafiti uliochapishwa 2023 uliwachukua watu 475 wenye magoti kama hayo. Walilinganisha seli za aina tatu na sindano ya kawaida ya steroidi. Mwaka ulipoisha, hakuna aina ya seli iliyoishinda ile sindano ya kawaida.

8/ "Lakini jirani yangu alidungwa na sasa anatembea!" Inawezekana kabisa. Kwenye ule utafiti wa Australia, hata waliodungwa maji ya chumvi walisema maumivu yamepungua. Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na matumaini nayo yana nguvu. Ndiyo maana ushuhuda jukwaani hautoshi, hata ukitolewa na mtu mkweli.

9/ Na hasara sio pesa tu. Mwaka 2018, watu 12 Marekani walilazwa hospitalini baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu zilizokuwa na bakteria. Sindano chafu ndani ya kiungo inaweza kukuharibia goti ambalo lilikuwa linauma tu.

10/ Turudi nyumbani, manake hapa ndipo pesa zako zilipo. Tangu Oktoba 2024, SHA inakata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Hilo ni kapu. Kila kinacholipiwa kinapunguza cha kulipia kingine.

11/ Mfikirie mtu wa bodaboda aliyevunjika mguu, mfupa ukatoboa ngozi. Anachohitaji sio seli shina. Anahitaji kidonda kisafishwe mapema, antibayotiki, chumba cha upasuaji, chuma cha kushikilia mfupa, na fiziotherapia. Akikaa wodini wiki mbili akisubiri familia ichange pesa za chuma, kidonda kikaoza, ndipo mfupa unagoma kuunga. Tiba ghali mara nyingi huzaliwa na tiba rahisi iliyochelewa.

12/ Hata kwa goti la mama au shosho, cha kwanza ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito kama umezidi, na dawa za maumivu. Likiharibika kabisa, kuna upasuaji wa kubadilisha goti. Hayo yana ushahidi. Ila hayapendezi kwenye bango la kampeni.

13/ Kuna atakayesema, "Katiba inatupa haki ya afya ya kiwango cha juu kabisa!" Kweli, Kifungu cha 43. Lakini soma na cha 20(5): serikali inapogawa rasilimali, itangulize watu wengi iwezekanavyo kuifurahia haki hiyo. Chuma kwa wengi kinatangulia sindano ya majaribio kwa wachache.

14/ Halafu tukumbuke 2015, vifaa vya hospitali vilipokodishwa kwa ajili ya kaunti zote 47. Kuna mahali mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Jengo na mashine sio huduma.

15/ Je, tufunge mlango? Hapana. Utafiti ufanyike hapa pia, chini ya kamati za maadili, na mgonjwa anayejaribiwa asitozwe pesa za majaribio. Kugharamia utafiti ni jambo moja. Kuuza majaribio kama tiba ni jambo lingine.

16/ Kwa hivyo mgombea akija na ahadi hii, muulize:
• Ni tiba gani hasa, na ya jeraha gani?
• Ililinganishwa na nini, kwa watu wangapi?
• PPB imekubali bidhaa hiyo? KMPDC imesajili kituo na daktari?
• Itatoa pesa kwenye huduma gani?
• Hospitali yetu ya kaunti ina vyuma na mtu wa fiziotherapia leo?

17/ Na wewe ukiwa kliniki, Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa njia zote za matibabu, faida, hatari na gharama kabla hujakubali. Uliza. Daktari mzuri hachukizwi na swali. Mwanasiasa mzuri naye vivyo hivyo.

Mtumie huu uzi yule anayetaka kuuza ng'ombe kwa ajili ya sindano. Asome kwanza.