Sarafu Isiyotaka Kukaa Mfukoni

Ninayo hapa mezani sarafu ambayo hakuna muuza duka wa kijiji cha Kwakoa atakayeipokea, hata kwa kiberiti kimoja. Ni pana kuliko shilingi 500 yetu na nzito kidogo kiganjani. Upande mmoja umechorwa kobe, rangi ya kijani imejazwa katika mifereji ya shaba. Ukiigeuza na kuilaza mwangani, pembezoni utaona herufi na tarakimu 6, ndogo kama chawa, zimechongwa ndani ya madini. Thamani yake yote imo katika hizo 6.

Je, wajua kwamba zipo sarafu zilizotengenezwa ili ziachiwe? Hii ni ya mchezo uitwao jiokashi. Mtu huficha kasha mahali, hutangaza mahali hapo kwa namba za GPS, na wengine hulitafuta. Ndani ya kasha huwamo daftari la kuandika jina na tarehe. Sarafu huwekwa humo kama abiria anavyokaa stendi, ikingoja wa kuichukua. Anayeikuta huondoka nayo, huandika mtandaoni kwamba anayo, kisha huiacha katika kasha jingine, iwe Moshi, Mombasa au Muscat. Mwenyewe, huko aliko, anaona mstari mpya umechorwa kwenye ramani.

Namba iliyochongwa haitangazwi. Anayeijua ni aliyeishika sarafu mkononi, basi namba hiyo ndiyo ushahidi wake. Iko namba ya pili, inayoanza na herufi TB, ambayo yeyote aweza kuitumia kuangalia safari ilikofikia. Lakini sarafu yenyewe haina betri wala redio. Ikilala chini ya jiwe ni bubu kama jiwe lenyewe. Inafuatiliwa kwa uungwana wa wanaoiokota, na hapo ndipo moyo wangu uliponasa.

Kabla ya usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 mchezo huu usingechezeka. Jeshi la Marekani lilikuwa likiziharibu kwa makusudi ishara za setilaiti zilizoachiwa raia, hata kipokezi cha mtu wa kawaida kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton aliamuru uharibifu huo uzimwe. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, aliweka ndoo nyeusi ya plastiki msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani alitia vitabu, pesa, manati na kopo la maharage, akatangaza namba za mahali. Siku chache tu, ikapatikana. Lile kopo la maharage lilikuja kuokotwa baadaye, likapewa namba yake, nalo likawa msafiri. Sarafu ya kwanza yenye namba ilitoka Septemba 2001, kazi ya Jon Stanley wa jimbo la Washington. Kuanzia hapo zimeenda mbali. Mwaka 2008 Richard Garriott alikwenda na kitu chenye namba ya namna hii hadi kituo cha anga za juu, na chombo Perseverance, kilichotua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, kimebeba kipande chenye namba ambayo watu waliisoma kwenye picha kutoka huko.

Usahihi wa mita chache unaouwezesha mchezo huu unatoka wapi? Setilaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, kila moja ikiwa na saa za atomu. Kila moja inatangaza mfululizo mahali ilipo na saa yake inasema nini. Sauti hiyo ya redio hukimbia kwa mwendo wa mwanga, ikaifikia simu yako kwa karibu sehemu 7 za mia ya sekunde. Simu inasikiliza setilaiti 4 au zaidi, inapima kila sauti imechelewa kiasi gani, na kutokana na kuchelewa huko inajua ilipo. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umepotea mita 300. Na huko juu saa hukimbia kuliko za huku chini, kwa sehemu 38 hivi za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia ya Einstein ilivyotabiri. Wahandisi wasingelirekebisha jambo hilo, kosa lingeongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku, na kesho yake mtu aliyesimama Kwakoa simu yake ingemweka ng'ambo ya mlima.

Kwakoa iko tambarare, chini ya milima ya Upare wa Kaskazini, Wilaya ya Mwanga, upande unaotazama Mkomazi na Kenya. Ni nyuzi 3 na dakika kadhaa kusini mwa ikweta, nyuzi 37 na dakika kadhaa mashariki. Wachezaji huandika dakika hizo hadi tarakimu 3 baada ya nukta. Tarakimu ya mwisho ni kama mita 1 na sentimita 85, hatua mbili tatu za mtu. Ukiikosea moja, bado uko chini ya mti uleule. Ukiikosea ya kwanza baada ya nukta, uko mita 185 nje, labda katikati ya zizi la mtu.

Tuseme basi unataka kuiachia sarafu hapa. Utalificha wapi kasha? Usilitie ndani ya Mkomazi bila idhini. Eneo hilo ni hifadhi ya taifa, na tembo hatambui mipaka ya mchezo. Usilitie wala kulisogeza karibu na mpungi, msitu wa tambiko wa ukoo. Misitu ile imesalia kwa sababu wazee waliikataza kuchezewa, na katazo hilo nadhani linastahili heshima kuliko burudani ya mgeni. Nyani hufungua chochote chenye mfuniko. Na boksi lisilo na mwenyewe, limefichwa karibu na mpaka wa nchi, litamtia mtu hofu, naye atakuwa na haki. Mimi ningemwendea mwenyekiti wa kijiji kwanza, ningeandika kwa Kiswahili juu ya kasha ni kitu gani na la nani, kisha ningeliweka mahali penye macho ya watu, chini ya mti karibu na duka ambalo mwenyewe amekubali.

Jambo jingine linalonifurahisha ni hesabu ya safari. Mtandao hupima mstari ulionyooka kutoka kasha hadi kasha. Sarafu ikitoka Kwakoa kwenda Mwanga mjini, mlima uliopo katikati hauhesabiki: si kona, si vumbi, si saa ulizokaa ukingoja gari. Imeruka tu kama ndege.

Nyingi hupotea. Ni nzuri, na kitu kizuri kikiingia mfukoni hakitoki kirahisi. Yangu ya kwanza ilichukuliwa na mtu wa tatu, na tangu hapo mstari wake kwenye ramani haujasogea. Ndiyo maana wenye busara hubaki na sarafu halisi nyumbani, wakaachia kibati cha bei ndogo chenye namba ileile. Siwalaumu, ila hii yenye kobe nitaiachia yenyewe. Sarafu isiyosafiri ni pambo tu.

Sasa, kabla hujasema haya ni mambo ya Wazungu na simu zao, tazama upande wa pili wa mpaka. Kutoka Kwakoa, mwendo wa saa chache kwa ndege mwenye manyoya, ipo Ngulia katika hifadhi ya Tsavo Magharibi. Hoteli ya pale huwasha taa kubwa usiku ili wageni waone wanyama. Mwezi Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi na ukungu ukishuka, maelfu ya ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huvutwa na mwanga ule. Tangu 1969, kazi iliyoshikwa kwa muda mrefu na Graeme Backhurst na David Pearson, watu huwanasa kwa nyavu laini, huwapima, huwavisha mguuni pete ya chuma chepesi yenye namba, kisha huwaachia. Zaidi ya ndege 400,000 wamevishwa. Wachache sana huonekana tena, lakini pete za Ngulia zimeokotwa Urusi na Rasi ya Arabuni, na kila moja iliyoripotiwa imeongeza mstari kwenye ramani. Mpango ni uleule: namba ndogo, kiumbe anayeachiwa, na mtu wa mbali ambaye inabidi awe mwaminifu akaandika.

Miongoni mwa wanaovishwa kwa wingi Ngulia yupo ndege mdogo wa kahawia, uzito wake gramu 12 hivi, ambaye huzaliana Ulaya kwenye vichaka vya mabondeni. Rangi yake haikumbukwi na mtu. Lakini ni mwigaji. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha matokeo ya kuwasikiliza madume wakiimba huko Ubelgiji, na akakuta kila mmoja huiga wastani wa aina 76 za ndege. Zaidi ya nusu yao ni ndege wa Afrika, baadhi wasiopatikana popote isipokuwa upande wetu huu wa mashariki. Kwa kuzitambua sauti hizo aliweza kukisia njia waliyopita, pasipo pete wala setilaiti.

Basi asubuhi ya Juni, mtu wa Ubelgiji akifungua dirisha, huenda akasikia kichakani sauti ya shore, yuleyule anayepiga kelele kwenye miti ya Kwakoa kukipambazuka.