Maoni ya Wanawake na Wanaume katika Nchi zenye Waislamu Wengi

Mtahiniwa, usiandike kwamba Waislamu wote wana msimamo mmoja kuhusu wanawake na uongozi. Tafiti za maoni katika nchi nyingi zenye Waislamu wengi zinaonyesha kuwa kauli "wanaume ni viongozi bora kuliko wanawake" huungwa mkono zaidi na wanaume. Wanawake huipinga zaidi.

Nchi nazo hutofautiana. Pakistan ilimpata waziri mkuu mwanamke, Benazir Bhutto, mwaka 1988. Wanawake wa Kuwait walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa wabunge mwaka 2005. Dini ni moja, lakini sheria, elimu na historia ya siasa ni tofauti.

Kumbuka: taja nchi, jinsia na sababu, usiihukumu dini nzima.