Metadata na Programu za Utafiti

Mtafiti atuambiapo kwamba alipima irabu za lahaja fulani kwa programu ya Praat, kisha akanyamaza, hajatuambia la kutosha. Praat, iliyotungwa Amsterdam na Boersma na Weenink, imepitia matoleo mengi. Pasipo namba ya toleo, hatuwezi kuvirudia vipimo vyake wala kuvipinga kwa haki.

Kanuni za FAIR zilizochapishwa mwaka 2016 zililenga hasa data. Mwaka 2022 zikatolewa zile za programu za utafiti. Zataka programu ipatikane, ifikiwe, ioane na nyingine, na itumike tena. Yote hayo yategemea metadata, yaani maelezo yanayoambatana na programu: jina, watungaji, toleo, leseni, kitambulisho cha kudumu. Mpango wa CodeMeta huyaweka katika faili moja isomwayo hata na mashine.

Kupima, basi, ni kuuliza lipi halipo. Mimi ningeanza na leseni (ambayo wengi huiachia mawakili), kwani programu isiyo na leseni, hata ikiwa wazi machoni pa wote, kwa kawaida haitupi ruhusa ya kuirekebisha. Kichanganuzi cha vitenzi vya Kiswahili kilichoandikwa kwa ajili ya tasnifu chaweza kufungika hivyo, mwenyewe akishahitimu na kuondoka.