Watani wa Barafuni: Wafini, Waswidi na Lugha Zao

Kila Wafini wanapotwaa ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni, umati unaofurika katika uwanja wa soko jijini Helsinki huimba wimbo wa Kiswidi. Haukutungwa kwa ajili yao. Nick Borgen aliutunga "Den glider in" kwa ajili ya timu ya Uswidi, iliyokuwa mwenyeji wa mashindano ya mwaka 1995, na Waswidi walitarajia kuuimba nyumbani kwao baada ya fainali. Mnamo tarehe 7 Mei mwaka huo, ndani ya ukumbi wa Globen jijini Stockholm, Ufini iliwafunga mabao 4 kwa 1. Ville Peltonen peke yake alifunga matatu, na nahodha Timo Jutila akaongeza la nne. Wafini walirudi na kombe, wakarudi na wimbo pia. Watu wazima waliolalamikia masomo ya Kiswidi tangu utotoni waliuimba kwa moyo mmoja, na hadi leo hawajauacha.

Waswahili wana neno lao kwa uhusiano wa namna hii: utani. Mtani humwambia mwenzake maneno ambayo mgeni akiyasema yataleta ugomvi, naye hucheka kwa sababu anajua kesho zamu ni yake. Lakini utani hauwezekani kati ya watu wasiojuana. Unahitaji historia ya pamoja, na Wafini na Waswidi wanayo ya kutosha.

Kwa karne nyingi nchi inayoitwa leo Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Mwaka 1809 Urusi iliitwaa, na uhuru ukapatikana tarehe 6 Desemba 1917. Katika muda huo wote wa utawala wa Stockholm, na hata miaka mingi baadaye, Kiswidi kilikuwa lugha ya mahakama, chuo kikuu na watu wenye nafasi. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima na wavuvi. Ilibidi ifike mwaka 1863 ndipo Tsar Alexander wa Pili alipotoa amri ya kukipa Kifini hadhi sawa na Kiswidi katika shughuli za serikali, tena kwa kipindi cha mpito cha miaka 20. Hata wimbo wa taifa ambao wachezaji wa Ufini huusimamia kabla ya mechi, "Maamme", uliandikwa kwanza kwa Kiswidi na mshairi Johan Ludvig Runeberg. Kumfunga Mswidi, basi, kuna utamu ambao kumfunga Mkanada hakuna.

Mchezo wenyewe hauna siri kubwa. Kila upande huingiza watu sita barafuni, kipa akiwemo. Hucheza vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja, wakigombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Afrika Mashariki nayo haiko mbali nao kama inavyodhaniwa. Nairobi ina timu ya Ice Lions, iliyokulia kwenye barafu ya Hoteli ya Panari, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Timu ya Ufini nayo huitwa Leijonat, yaani Simba.

Simba hao wa kaskazini waliumizwa na jirani yao kwa muda mrefu kabla ya kujifunza kung'ata. Mwaka 1986 huko Moscow waliongoza 4 kwa 2 zikiwa zimebaki sekunde 40 hivi. Anders Carlsson akafunga mara mbili, mechi ikaisha sare. Mwaka 1991, wakicheza nyumbani, waliongoza tena 4 kwa 2, na safari hii kijana Mats Sundin akafunga mawili ndani ya dakika ya mwisho. Mwaka 1992 Ufini ilipata medali yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia, ya fedha, baada ya kushindwa katika fainali. Aliyewafunga ni Mswidi.

Hata hivyo hakuna kidonda kinachotajwa Ufini kama kile cha Mei 2003. Ilikuwa robo fainali, mbele ya mashabiki wao jijini Helsinki. Teemu Selänne alikuwa amefunga matatu, ubao ukisoma 5 kwa 1, na ukumbi mzima ulikwisha anza kusherehekea. Waswidi wakarudisha bao moja, kisha jingine, Peter Forsberg akiteleza katikati ya mabeki kana kwamba hawapo, mpaka P-J Axelsson akafunga la ushindi. Sita kwa tano. Mfini wa rika fulani anaweza kukueleza alikuwa amekaa wapi jioni ile.

Miaka mitatu baadaye, katika fainali ya Olimpiki ya Turin, timu ziliingia kipindi cha tatu zikiwa 2 kwa 2. Gongo la nahodha Saku Koivu likavunjika mchezo ulipoanzishwa. Alipokuwa akikimbilia jingine, Nicklas Lidström alifunga. Zilikuwa zimepita sekunde 10 tu. Mwishoni Olli Jokinen alipata nafasi ya kusawazisha, kipa Henrik Lundqvist akaizuia, na dhahabu ikaenda Uswidi.

Malipo yalikuja mwaka 2011 huko Bratislava: Ufini 6, Uswidi 1, katika fainali.

Lipo jambo moja ambalo watazamaji wa mbali hawalioni. Utani huu haulingani pande zote mbili. Uswidi, yenye watu karibu mara mbili ya jirani yake, ilikuwa imefikisha mataji 11 ya dunia kufikia mwaka 2018, na Waswidi wana wapinzani wengi wa kuwaza. Kwa Wafini, Uswidi ni kaka mkubwa, na mdogo ndiye anayehesabu mechi. Wapo mashabiki wa Ufini watakaokuambia waziwazi kwamba mashindano yakiharibika si kitu, mradi Mswidi amefungwa. Pamoja na hayo, kocha aliyewapa Wafini dhahabu yao ya kwanza mwaka 1995 alikuwa Mswidi, Curt Lindström, aliyelifunga taifa lake mwenyewe katika mji mkuu wake. Wafini hawakuona aibu kumwajiri, wala Waswidi hawakumfanya msaliti. Mwaka 2012 na 2013 nchi hizo ziliandaa ubingwa wa dunia kwa pamoja, kama ambavyo wanariadha wao wamekuwa wakipambana katika mashindano ya nchi mbili yaliyoanza mwaka 1925. Huo ndio utani wenye afya.

Ushindi ukipatikana, desturi inajulikana. Watu hupeana miadi kwa maneno mawili, "torilla tavataan", tukutane sokoni, na wenye ujasiri hupanda au huingia ndani ya chemchemi ya sanamu ya Havis Amanda ingawa maji ya Mei kule bado yanauma. Mwaka 1995 sherehe hizo zilikuwa na uzito wa pekee. Nchi ilikuwa inatoka katika mdororo mkali wa uchumi, zaidi ya asilimia 15 ya wenye uwezo wa kufanya kazi hawakuwa na ajira, na watu wanaosifiwa kwa ukimya walikumbatiana na wasiowajua barabarani. Mtangazaji Antero Mertaranta alipolia hewani "Ihanaa, Leijonat, ihanaa!", raha iliyoje, Simba, raha iliyoje, alikuwa akisema kwa niaba ya watu wengi waliochoka.

Lugha za watani hawa hazina undugu wowote. Kiswidi ni ndugu wa Kidenmaki na Kinorwe, na binamu wa Kijerumani na Kiingereza. Kifini kimetoka ukoo mwingine kabisa, wa Kiestonia na, kwa mbali sana, Kihungaria. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji wiki 24 hivi darasani ili akimudu Kiswidi, na wiki 44 kwa Kifini. Kiswahili kimewekwa katikati, wiki 36. Namba hizo hazisemi lugha ipi ni ngumu. Zinapima umbali kutoka Kiingereza. Mwestonia hukielewa Kifini kwa haraka ambayo Mmarekani hawezi kuiota, na Mnorwe humsikiliza Mswidi bila kwenda shule.

Kila lugha ina mitego yake. Kiswidi hutofautisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti: "anden" kwa sauti moja ni yule bata, na kwa sauti nyingine ni roho. Kifini hakina mambo hayo, lakini urefu wa sauti ni jambo la kufa na kupona. "Tuli" ni moto, "tuuli" ni upepo, "tulli" ni forodha. Mgeni anayetaka kusema "nitakutana nawe" aseme "tapaan sinut". Akifupisha irabu moja, "tapan sinut", amesema atamuua. Juu ya hayo nomino ina maumbo 15 kulingana na kazi yake katika sentensi, na konsonanti za katikati hubadilika neno linapovaa viambishi.

Lakini msomaji wa Kiswahili akitazama kwa makini ataona vitu vya nyumbani. Kifini huandikwa kinavyotamkwa. Hakina jinsi ya kike wala ya kiume; "hän" ni yeye, awe mwanamke au mwanamume. Neno la kigeni likiingia hupewa irabu mwishoni: "bank" ikawa "pankki", na bao lenyewe, "mål" kwa Kiswidi, likawa "maali". Na maneno hujengwa kwa kuunganisha vipande. "Talo" ni nyumba, "talossa" ni nyumbani, "talossani" ni nyumbani mwangu. Neno moja, "kirjoittaisinko", linabeba swali zima la mtu anayeuliza kama aandike. Mtu aliyezoea kusema "hatutawaandikia" kwa pumzi moja hawezi kuogopa hilo.

Ukaribu huo wa umbo umekwisha leta matunda. Mwaka 1983 mwanaisimu Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alibuni njia ya kuifundisha kompyuta kuchambua maneno marefu ya Kifini. Mwenzake wa chuo kikuu hichohicho, Arvi Hurskainen, aliichukua njia ile akaitumia kwa Kiswahili, na kutokana na kazi yake Helsinki ikawa moja ya vituo muhimu vya kuhifadhi na kuchambua matini za Kiswahili kwa kompyuta. Deni hilo halijasemwa vya kutosha katika Afrika Mashariki.

Tukirudi shuleni, Wafini wana neno lenye uchungu, "pakkoruotsi", Kiswidi cha kulazimishwa. Wanaozungumza Kiswidi kama lugha ya mama nchini humo ni asilimia 5 hivi, lakini katiba inazitambua lugha zote mbili kuwa za taifa, na kila mtoto wa Kifini husoma Kiswidi tangu shule ya msingi ilipofanyiwa mageuzi miaka ya 1970. Watoto wa Kiswidi nao husoma Kifini. Mwaka 2005 mtihani wa lugha hiyo ya pili uliacha kuwa wa lazima katika kuhitimu sekondari ya juu, na waliouchagua wakapungua sana. Hoja za wapinzani zina mantiki: mtoto wa mashariki, karibu na mpaka wa Urusi, hakutani na Mswidi mwaka mzima. Hata hivyo nchi ikiachia lugha ya wachache ife darasani, ahadi ya katiba inabaki karatasi. Katika visiwa vya Åland Kiswidi ndiyo lugha rasmi pekee, na huko Närpes, mji wa mabanda ya nyanya, wahamiaji kutoka Vietnam na Bosnia wamejifunza Kiswidi kwa sababu ndiyo lugha ya jirani na ya kazi.

Upande wa pili wa bahari nao una hesabu yake. Miaka ya 1960 na 1970 mamia ya maelfu ya Wafini walivuka kwenda kufanya kazi katika viwanda vya Uswidi. Kaskazini zaidi, katika bonde la mto Torne, watoto waliozaliwa ndani ya mipaka ya Uswidi waliadhibiwa shuleni kwa kuongea lugha yao ya nyumbani, iliyo karibu sana na Kifini. Ni mwaka 2000 tu Uswidi ilipokitambua Kifini, pamoja na Meänkieli ya bonde hilo, kuwa miongoni mwa lugha tano za wachache wa taifa. Leo mchezaji wa hoki Mika Zibanejad, ambaye mama yake ni Mfini na baba yake ametoka Iran, anavaa jezi ya Uswidi, na ndiye aliyefunga bao la dhahabu la vijana wa Uswidi mwaka 2012.

Lugha ilimfuata mchezaji hata ng'ambo. Saku Koivu, aliyeshinda ile fainali ya 1995, alikuwa nahodha wa Montreal Canadiens, timu ya jimbo la Quebec nchini Kanada, kwa miaka kumi, kuanzia 1999 hadi 2009. Aliugua saratani, akapona, akarudi barafuni mashabiki wakimshangilia kwa machozi. Hayo hayakutosha kumkinga: mwaka 2007 wakili mmoja alilalamika mbele ya tume ya serikali kwamba nahodha wa timu ya Quebec hazungumzi Kifaransa. Kumdai mgonjwa aliyerudi kutoka kaburini sarufi ya lugha ya nne kulikuwa kukosa utu, ingawa hofu ya watu wa Quebec kuhusu lugha yao inaeleweka.

Swali la lugha linamgusa pia mgeni anayehamia Ufini. Nchi hiyo imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na miongoni mwao wamo wanaoongea Kiswahili. Sheria ya uraia inamtaka mwombaji awe na ujuzi wa kuridhisha wa Kifini au Kiswidi. Yoyote kati ya hizo inatosha. Anayepelekwa Närpes au pwani ya magharibi afuate majirani zake na ajifunze Kiswidi. Aliyeko Helsinki, Tampere au Kuopio asitishwe na zile wiki 44, kwani zilihesabiwa kwa mtu wa lugha nyingine. Aanze na Kifini, akianzia na urefu wa irabu.